Mama Aliyekufa Wakati wa Mapumziko

Ukiyaamini magazeti, mdogo wangu Aslak alizaliwa kileleni mwa mlima kule Norwe, akaogeshwa kwa barafu, na meli ilipotushusha Amerika, yeye akiwa na miaka mitano, jambo la kwanza alilouliza ni mpira uko wapi. Mimi nilikuwepo. Alishuka amejitapikia mpaka kwenye viatu, na alichouliza ni choo. Lakini nani atakuja kuniuliza mimi? Mimi ni dada yake tu, Gunvor, niliyemfuta.

Wanasema pia eti ile pasi yake ndefu, inayowatia wazimu watu elfu hamsini kwa mpigo, aliibuni hapa hapa Lyngdal, Minnesota, akirusha matita ya nyasi kavu juu ya gari la farasi. Ningefurahi sana kuonyeshwa tita moja. Msimu wa nyasi Aslak alikuwa na ugonjwa wa tumbo uliomshika asubuhi na kumwachia jioni, na marehemu baba alikuwa akimfuata chooni na kumgongea mlango mpaka mkono unamuuma. Matita nilirusha mimi. Sijaona gazeti lililoandika habari za bega langu.

Sikatai, kipaji alikuwa nacho. Alikwenda kusoma chuo kikuu cha Marlow, mbali na hapa, mwembamba kama ufito, akaingia kwenye huo mchezo wao wa Kimarekani ambao wanaume ishirini na wawili wanaumizana kwa ajili ya mpira wa ngozi wenye umbo la yai la bata bukini. Badala ya kuvunjika shingo akawa hodari, kisha wakampa ukocha. Timu ikaacha kufungwa. Kufumba na kufumbua, magazeti yakawa yanamwita Mviking wa Marlow na sura yake ikawa kwenye makopo ya sabuni ya kunyolea. Hapa kwetu anaitwa yule mtoto wa Bi Ingeleiv, wa mpira. Kumsifu mtu Lyngdal ni sawa na kuacha mlango wazi mwezi wa Januari, baridi wanaipata wote. Mwaka alipochukua ubingwa wa nchi nzima, mchungaji alimwambia mama baada ya ibada, "Nasikia Aslak hajambo." Mama akajibu, "Hajambo kiasi." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Mama yetu, Bi Ingeleiv, wakati ninaousimulia alikuwa na miaka sabini na miwili na hajawahi kusema uongo, jambo ambalo linachosha sana kuishi nalo. Siku ya kumzika baba, mchungaji alipofika mahali pa kumwita marehemu mtu mvumilivu, mama alisimama benchi la mbele akasema, "Mvumilivu hapana. Mwema, ndiyo." Akakaa. Mchungaji akasahihisha na mazishi yakaendelea.

Na mama huyu alitaka kitu kimoja tu duniani, kumwona mwanawe akiingia mlangoni. Miaka saba Aslak hakuwa amekanyaga hapa. Kumwambia waziwazi aje, mama asingeweza, kwa sababu sisi hatuombi. Aliandika barua za ng'ombe na mvua, na mwishoni akaongeza: kitanda chako bado kipo. Mtu yeyote aliyelelewa Lyngdal akisoma hivyo anajua kwamba hicho ni kilio. Aslak alijibu kwa kadi yenye picha ya uwanja: msimu ukiisha, mama. Msimu gani huo usioisha, sijui. Hata baridi ya huku, pamoja na ukaidi wake wote, huisha.

Basi, Novemba ya mwaka wa 1926, mama alikufa.

Alikufa Jumamosi, wakati wa mapumziko, timu ya Marlow ikiwa nyuma kumi na tatu bila. Mimi sikujua, na yeye hakujua. Tulikuwa tumechinja nguruwe siku ile na marehemu mwenyewe alikuwa ameingiza mikono kwenye ndoo mpaka viwikoni, akitengeneza soseji za damu na kunilaumu kwamba chumvi naitia kama naigharimia mimi.

Jumatatu mchana Bi Oline Skogstad, jirani yetu wa upande wa kanisani, alibisha hodi. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, ile ya misiba, na mkononi ana keki kubwa ya lozi iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikafungua. Nyuma yangu mama akatokea akijifuta mikono. Bi Oline akamtazama marehemu. Marehemu akamtazama Bi Oline.

"Baridi leo," akasema Bi Oline.

"Baridi," akasema mama. "Karibu kahawa."

Sasa, kwetu mtu akikukaribisha kahawa unakataa. Unasema usijisumbue, mimi napita tu. Anakukaribisha tena, nawe unasema labda siku nyingine. Mara ya tatu unakaa, kana kwamba umekamatwa na polisi. Anayekubali mara ya kwanza ama ana njaa ama ni Mwamerika. Bi Oline alikataa ipasavyo, akakaa, na hakutoka tena. Baada yake akaja Bi Sunniva, naye kwa nguo nyeusi na keki. Kisha wengine, mpaka sebule ikajaa kama siku ya matanga, na mama katikati yao anawamiminia kahawa na kujiuliza kimoyomoyo ni nani aliyefariki. Kuuliza hakuuliza. Ingekuwa utovu wa adabu, kwa sababu huenda aliambiwa akasahau. Nao hawakusema, maana utamwambiaje mtu usoni kwamba umekuja kumzika? Wakala keki za mazishi pamoja na maiti, wakazungumza habari za kuku, wakaaga. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote na bado siku nyingine natamani kuwapiga.

Bi Oline aliacha gazeti kwenye kiti chake, limekunjwa, ukurasa wa michezo juu. Kwa bahati mbaya, bila shaka. Nikalisoma nimesimama, mpaka mwisho.

Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria mezani, neno kwa neno. Kwamba katika chumba cha kubadilishia nguo kocha mashuhuri alivua kofia na kuongea kwa sauti ya chini. Vijana, alisema, kule Minnesota mama yangu yuko kitandani anakata roho. Nilitaka kupanda treni. Lakini asubuhi aliniletea ujumbe wake wa mwisho: Mwanangu, usije. Kaa na vijana wako, mshinde. Vijana wakalia. Wakatoka mbio mpaka mlango ukang'oka bawaba, wakashinda ishirini na moja kwa kumi na tatu. Mwandishi naye, maskini, alikiri kwamba alilia. Kwa kweli ilikuwa habari nzuri. Kama ningekuwa simjui mama ningetoa chozi.

Nilimngoja apandishe hasira kwa sababu ya kuuawa. Mama aliuviringisha ukingo wa kitambaa cha meza kwa kidole, akaufungua, akauviringisha tena.

"Kufa si kitu," akasema. "Lakini mimi nimemwambia asije?"

"Hukumwambia, mama."

"Sikumwambia," akasema. "Hata siku moja."

Akaenda kulala bila kula, na mimi nikabaki na kichwa cha yule nguruwe tuliyemchinja nikikisemesha maneno niliyotaka kumwambia mdogo wangu.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Aslak ilikuwa fupi kuliko za wengine. Wiki haikuisha, simu yetu ikalia. Laini yetu tunaichangia nyumba nane, na kila nyumba ina mlio wake. Ukilia wako, unapokea wewe, na wengine saba wananyanyua mkono wa simu taratibu na kuziba pumzi. Hakuna anayekiri kwamba anasikiliza. Unaweza kusikia saa ya ukutani ya Bi Oline ikigonga humo ndani ya simu, na bado Bi Oline atakutazama kanisani kana kwamba hajui hata jina lako.

Alikuwa Aslak. Alitaka kunong'ona, lakini simu ya mbali kiasi kile haikubali minong'ono, kwa hiyo aliungama dhambi zake kwa kupiga kelele.

"Dada, maneno yalinitoka tu," alisema. "Tulikuwa tumefungwa kumi na tatu. Vijana wameinamisha vichwa utadhani wako msibani."

"Ndipo ukawapelekea msiba wenyewe," nikamwambia.

Akaeleza. Kuna gazeti moja la Chicago limeanza kunusa. Mwandishi wake, Bwana Pruitt, anakuja Lyngdal kumwona mgonjwa kwa macho yake. Na wazee wa baraza la chuo, watu wa dini wasiocheka, wamemwambia kocha wao kwamba mpira ni mpira, lakini mtu aliyewadanganya vijana juu ya kifo cha mama yake hatakaa Marlow hata siku moja. Kazi, nyumba yenye nguzo mbele, sabuni ya kunyolea, vyote vitakwenda na maji. Kwa hiyo, dada, mwambie mama alale kitandani kidogo. Saa moja tu. Si lazima aseme lolote, akohoe.

Nikamuuliza kama anamjua mama yake au ameshamsahau. Akasema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema, "Likipita hili, Krismasi nakuja. Naapa, Gunvor. Mwambie mama nakuja."

Nilimwambia mama yote mawili. La kulala kitandani alilikataa kabla sijalimaliza. La Krismasi alinifanya nilirudie. Kesho yake nilimkuta anapiga pasi mashuka ya kitanda cha Aslak, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani, na akaniagiza nikanunue samaki wakavu wa Krismasi mapema, wale wanono, kabla wengine hawajachagua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na furaha yake vilevile. Nilinunua.

Bwana Pruitt alikuja na treni ya asubuhi, kijana nadhifu aliyekanyaga sakafu ya mama kwa viatu vyenye theluji. Mama alikuwa wima jikoni, mashavu mekundu kwa joto la jiko, anakaanga chapati za viazi. Kwa mtu aliyekata roho alikuwa na nguvu za kupendeza. Akamkaribisha kahawa. Bwana Pruitt akasema ndiyo, asante sana, pale pale, na akaketi. Mama akanitazama. Nikamwambia kwa Kinorwe kwamba ndivyo walivyo, hawana mtu wa kuwafundisha.

Nikatafsiri maswali. Je, mama aliumwa mwezi wa Novemba? Mama akafikiri. Akasema alikuwa na mafua. Je, alikuwa anakufa? Akasema mwanamke wa miaka sabini na miwili hufa kidogo kila siku, na daktari yeyote atathibitisha. Bwana Pruitt akaandika, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheka upande mmoja. Alikuwa amempata Aslak na alijua. Aliweka kalamu chini na kula biskuti, ya tatu au ya nne, kisha akauliza swali lake la mwisho polepole, ili mama asikie hata kabla sijatafsiri.

"Kocha aliwaambia vijana kwamba wewe mwenyewe ulimwambia asije. Abaki, washinde. Ni kweli ulimwambia?"

Nilitafsiri swali. Nilitamani niligeuze liwe jingine kabisa, lakini mama, ambaye Kiingereza cha kusikia hakimpiti chote, alikuwa ameshaelewa. Jiko lilikuwa linatoa moshi, chapati moja inaungua, na yeye, ambaye hajawahi kuunguza chapati, alikuwa ameiacha. Nilijua atakachosema. Mwanamke aliyemsahihisha mchungaji juu ya jeneza la mumewe atasema hapana, na mdogo wangu atakuwa amekwisha, na kusema kweli ningemhurumia kwa muda mfupi tu.

"Ndiyo," akasema mama. "Nilimwambia asije."

Bwana Pruitt aliniangalia mimi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Akachukua kalamu akaandika, na lile tabasamu la upande mmoja likamtoka, kwa sababu hata mwandishi wa Chicago hujua anapokuwa mbele ya mtu asiyedanganya. Siku tatu baadaye gazeti lake lilichapa habari ya mama shupavu wa Kinorwe aliyepona kwa furaha ya ushindi. Wazee wa baraza wakampa Aslak mkono, kocha wetu mpendwa akaokoka, na sabuni ya kunyolea ikaendelea kuuzwa.

Aliyeangamia alikuwa mama. Jumapili ya Chakula cha Bwana ilipofika, watu wote walikwenda mbele, yeye akabaki kwenye benchi, mikono mapajani. Katika miaka yote ya uhai wake hakuwahi kubaki. Nilimwambia nyumbani kwamba neno moja kwa ajili ya mtoto Mungu hawezi kulihesabu. Akaniuliza kama Mungu ameniambia hivyo mwenyewe au nimesoma gazetini. Usiku hakulala. Mchana alitembea jikoni akishika vitu na kuviweka.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amekaa, uso umetulia, karibu acheke.

"Nitampigia simu Aslak," akasema. "Nitamwambia asije Krismasi."

Nikadhani amerukwa na akili. Miaka saba anamngoja, mashuka yamepigwa pasi mara mbili, samaki yumo kwenye maji ya majivu analainika, na sasa anamfukuza?

"Tulia, usikilize," akasema mama. "Mimi nitamwambia, usije, kaa na vijana wako. Yeye atasema, nakuja, mama. Nitamwambia usijisumbue, una kazi. Atasema, nakuja tu. Nitamwambia tena, naye ataniambia ameshakata tiketi. Hapo nitasema, haya, kama lazima. Maneno nitakuwa nimeyasema, hayatakuwa uongo tena. Na yeye atakuwa amekuja."

Alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha na alijivunia, yeye ambaye hajivunii chochote. Nikalichunguza huku na huku nikitafuta tundu. Kwa watu wa Lyngdal halikuwa na tundu hata moja. Yupo mtu duniani asiyejua kwamba hapana ya kwanza ni heshima tu? Mtoto wa kwetu hujua hilo kabla ya kujua kuvaa suruali.

Nikazungusha mpini wa simu, nikamwomba opereta laini ya mbali. Mama hakuwahi kushika simu maishani. Aliushika ule mkono wa simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio, na mimi nikasimama karibu kiasi cha kusikia yote. Nikasikia pia nyumba saba zikinyanyua zao, moja baada ya nyingine, na saa ya Bi Oline ikigonga.

Aslak akaja kwenye simu. Aliposikia ni mama, alishtuka, akauliza nani amekufa. Swali zuri, likitoka kwake.

"Aslak," akasema mama kwa sauti kubwa, kama anamwita kutoka ng'ambo ya shamba. "Usije Krismasi. Kaa na vijana wako."

Nyaya zikavuma. Mama alikuwa anatabasamu, na midomo yake ilikuwa tayari kwa maneno yanayofuata.

"Sawa, mama," akasema Aslak.

Aliitoa pumzi kubwa, nikaisikia. Akaongeza kwamba mama hajui amemwondolea mzigo gani, kwamba mechi ya Mwaka Mpya ni huko California, treni ya timu inaondoka tarehe kumi na nane, na kwa kweli alikuwa hajui atawezaje kufika kote kuwili. Akasema alijua mama ataelewa. Akasema mama ni mama. Akatutakia Krismasi njema, sote, na kule kwake simu ikakatwa, kak.

Mama hakuushusha ule mkono wa simu. Aliendelea kusubiri. Alikuwa amebakiwa na zamu mbili za kukataa na hajui azipeleke wapi.

Ndipo kwenye laini, ambako kwa miaka kumi na zaidi hakuna mtu aliyekiri kuwepo, sauti ikatokea.

"Aslak, hapa ni Oline Skogstad. Hivyo sivyo, mwanangu. Sema unakuja."

"Sema unakuja, mjinga wewe," ikasema sauti ya Bi Sunniva. "Mama yako amekutandikia."

Wengine wakafuata. Mwanamke wa shamba la darajani akamwambia aone haya. Mzee Halvor wa kwenye kilima, ambaye hakuna mtu aliyewahi kusikia simu yake ikitumika, alisema kwa sauti ya kutu, "Panda treni, kijana." Wote walikuwa wanaongea na waya mtupu. Ule mlio wa kukatwa niliusikia kabla Bi Oline hajafungua mdomo, na nadhani nao waliusikia, lakini watu ambao wamenyamaza maisha yao yote wakianza hawajui kuacha.

Mama aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho. Kisha akasema kwenye simu, kwa upole, "Laini ina makelele sana leo," akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akaenda kubadilisha maji ya samaki.

Nilitaka kumpigia tena. Nilikuwa na maneno, Mungu anisamehe, mengine sijui niliyajifunza wapi. Mama akanikataza. Akasema mtu haombwi mara mbili aje kwao. Krismasi tulikula wawili, na kutoka California lilikuja sanduku la machungwa lenye kadi iliyopigwa chapa. Mama alisema ni machungwa mazuri. Akayagawa yote kwa majirani, nyumba saba, na hakuna aliyekataa hata mara ya kwanza, jambo lililonitisha kuliko yote.

Aslak alishinda California, bila shaka. Gazeti lilipokuja mama aliniomba nimsomee. Kocha aliwaambia waandishi kwamba safari hii mama yake alimpigia simu yeye mwenyewe, kabla ya Krismasi, akamwambia asije, abaki na vijana wake, na kwamba nguvu zote za ushindi zilitoka hapo. Alisema hayo huku akipangusa macho.

"Ni kweli yote?" akauliza mama.

Nikapitia tena nikitafuta uongo. Nilitafuta kwa bidii, ningefurahi kuupata.

"Yote, mama," nikasema. "Hakuongeza hata neno."

"Basi vizuri," akasema. "Jumapili naweza kwenda kwenye meza ya Bwana."

Jumapili ile alivaa shali yake ya sufu. Mchungaji alipoita, mama alinyanyuka peke yake kutoka benchi letu, akapita katikati ya kanisa, mgongo umenyooka, mtu mwenye dhamiri safi. Mimi sikunyanyuka. Imeandikwa kwamba usiikaribie meza ukiwa na neno moyoni juu ya ndugu yako, na mimi nilikuwa nalo, ninalo, na sioni likienda popote. Nilimchukia Aslak kwa pumzi ile aliyoitoa, sikumchukia kwa uongo wake. Nilikaa nikitazama magoti yangu na kungoja aibu ya watu kunipita wakielekea mbele.

Hakuna aliyenipita. Nikainua macho. Bi Oline alikuwa amekaa. Bi Sunniva amekaa, mdomo ameubana. Mwanamke wa darajani, mzee Halvor na kofia yake mapajani, laini nzima ya simu ilikuwa imekaa kwenye mabenchi yake bila kutazamana, na mbele kabisa mchungaji alishika kikombe, akiangalia huku na huku asielewe, na mama amepiga magoti peke yake.